Wazee Chini ya Mabati: Mjadala wa Kawangware 56

Mwili wa mtu aliyepita miaka 60 huchelewa kutambua joto na huchelewa kulitoa. Tezi za jasho hupungua nguvu, kiu huja wakati maji yamekwisha kupungua mwilini, na figo hazibani tena maji kama zamani. Ili mwili upoe, damu nyingi husukumwa kwenye ngozi; moyo uliochoka hulazimika kwenda mbio, na presha ikishuka ghafla mzee huona kizunguzungu anapoinuka kitandani, akaanguka. Dawa nazo huongeza ugumu. Kidonge cha presha kinachotoa maji kwa njia ya mkojo, ambacho ni cha bei nafuu na hutolewa sana, humkausha mgonjwa siku ya jua kali. Vidonge vingine huuzuia moyo kuongeza mapigo hata unapohitaji kufanya hivyo. Baridi hufanya kinyume chake: mishipa hubana, presha hupanda, damu huwa nzito, na hatari ya kiharusi au mshtuko wa moyo hubaki juu kwa siku kadhaa. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi wa Kawangware, hasa sehemu yake iitwayo 56, na wa Kibera, mitaa ya mabanda ya Nairobi, unahusu swali jingine: kati ya tabianchi inayobadilika na chumba cha mabati, kipi kinamuumiza mzee, na ni nani wa kugharamia marekebisho?

Wazee wenyewe ni wachache, na uchache huo ni sehemu ya tatizo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya waliotimiza miaka 60 kuwa takriban milioni 2.7, karibu asilimia 6 ya wananchi wote. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi sehemu yao ni ndogo zaidi, kwa kuwa mabanda hujazwa na vijana wanaotafuta kazi, na wengi hurudi mashambani nguvu zikiisha. Kwa sababu hiyo miradi ya afya ya mabanda imeelekezwa kwa miaka mingi kwa watoto wachanga, kina mama wajawazito na wenye virusi vya UKIMWI. Hata hivyo wazee wapo. Kawangware wako wenye ardhi wenyewe, kwani sehemu kubwa ya Dagoretti, eneo ambamo mtaa huo upo, ni ardhi ya watu binafsi iliyorithiwa na kugawanywa ploti kwa ploti; baba aliyejenga vyumba vya kupangisha mara nyingi anaishi katika kimojawapo. Kibera, ambayo kwa sehemu kubwa imehesabiwa kuwa ardhi ya serikali, wako wazee wa Kinubi ambao babu zao waliwekwa pale na jeshi la Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao jamii yao ilikabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Kotekote wako waliofanya kazi za ulinzi, kufua na kupika katika nyumba za Lavington na Kilimani na hawakupata pensheni, na nyanya waliobaki na wajukuu.

Sauti tano zinatosha kuubeba mjadala: mtaalamu wa hali ya hewa, mwenye ploti, mpangaji mzee, muuguzi wa zahanati na ofisa wa bajeti. Wote watano ni wa kubuni. Takwimu wanazozitaja si za kubuni.

Mtaalamu wa hali ya hewa anaanza na vipimo. Kenya imepata joto la ziada la nyuzi moja hivi tangu miaka ya 1960. Hewa yenye joto la nyuzi moja zaidi hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mvua inaponyesha humwaga kwa wingi, na isiponyesha udongo hukauka upesi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikakosekana katika Pembe ya Afrika. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilikadiria mwaka 2023 kwamba uwezekano wa ukame wa aina ile umeongezeka angalau mara 100 kwa sababu ya joto linalosababishwa na binadamu. Mwaka huohuo vuli ikaja na El Niño, na kundi hilohilo likaona kwamba mvua zake huenda zilikuwa hadi maradufu ya ambazo zingenyesha katika dunia isiyopata joto. “Mzee wa Kawangware 56,” anasema, “anazeeka katika tabianchi ambayo wazazi wake hawakuijua.”

Mwenye ploti, naye ni mzee wa miaka zaidi ya sabini, hakubali haraka. “Kijana wangu, mvua niliiona kabla hujazaliwa. Zamani maji yalikuwa na pa kwenda. Hapa palikuwa na shamba la mahindi, pale na majani ya ng'ombe, kule chini na kijito. Leo kila mahali ni ukuta na mtaro uliojaa taka. Msisingizie mawingu.”

Jibu la uaminifu kwa hoja hiyo linamlazimu mtaalamu akubali jambo lisilopendeza katika mikutano ya kuomba fedha. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua watu zaidi ya 280 nchini Kenya, yalichunguzwa na wanasayansi walewale, na makadirio yao bora yalikuwa kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza wingi wa mvua ile kwa asilimia 5 hivi. Wenyewe walisisitiza upangaji wa miji na ongezeko la watu wanaoishi mahali pa hatari. Masika, kwa hakika, ni msimu unaowatatiza watafiti: kwa miongo kadhaa umekuwa ukipungua mvua, huku mifano ya kompyuta ikitabiri kwamba utaongezeka. Kwa hiyo mwenye ploti ana nusu ya ukweli. Nusu nyingine haitaji, nayo ni kwamba ukuta ulioziba mtaro una mwenyewe, na kodi yake hukusanywa kila tarehe 5.

Mabishano kuhusu joto ni makali zaidi kwa sababu yanahusu mahali kipimajoto kilipowekwa. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner kando ya Ngong Road, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Kawangware. Kituo cha vipimo kilichopo hapo kimezungukwa na nyasi na miti, kama kanuni za kimataifa zinavyotaka, na namba zake ndizo zinazosomwa kwenye taarifa ya habari kuwa joto la Nairobi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakishirikiana na wenzao wa Kenya, walitundika vipimajoto vidogo katika Kibera, Mathare na Mukuru katika msimu wa joto wa 2015 na 2016. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba mitaa hiyo ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa kuliko Dagoretti Corner. Miti michache na ardhi isiyo na majani vilitajwa miongoni mwa sababu. Hiyo ilikuwa hewa ya nje; ndani ya chumba chenye bati moja lisilo na dari, adhuhuri ya Februari, hali haiwi bora.

Mtaalamu anayatumia matokeo hayo kwa upande wake: “Basi hatari ni kubwa kuliko namba zetu zinavyosema.” Mwenye ploti naye anayatumia kwa upande wake: “Basi tatizo si dunia, ni mtaa.” Yote mawili yanafuata kutoka kwa kipimo kimoja, na wala hayapingani. Nyuzi moja ya dunia haiji badala ya nyuzi kadhaa za mtaa. Inawekwa juu yazo. Jiji lililo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 limezoea kujiona halina joto la kuua, na ni kweli kwamba Nairobi haifiki nyuzi 40. Lakini kizingiti cha hatari hutofautiana mahali na mahali. Watu huzoea hali ya hewa ya kwao, na katika miji ya baridi vifo huanza kupanda kwenye viwango ambavyo Garissa au Lodwar ni siku ya kawaida tu. Ufaransa ilijifunza hivyo mwaka 2003, wimbi la joto lilipoua watu wapatao 15,000 mwezi Agosti, wengi wao wazee, na miongoni mwao wapangaji wa vyumba vya juu kabisa mjini Paris, chini kidogo ya paa za zinki.

Hapa mpangaji mzee anaingia, na mjadala unashuka kutoka angani hadi mlangoni. Chumba chake ni cha futi kumi kwa kumi, na dirisha, kama lipo, linatazama ukuta wa jirani. Mchana mlango ukiachwa wazi hewa hupita kidogo, lakini vitu huibwa. Usiku hakuna anayethubutu kuuacha wazi. Kila mmoja anaweza kumshauri mzee anywe maji mengi siku ya joto. Anayetoa ushauri huo hajafikiria choo.

“Sista,” anamwambia muuguzi, “maji nikinywa jioni, saa nane za usiku yataniamsha. Choo kiko mwisho wa ploti, kinatumiwa na watu wa vyumba vyote, taa hakuna, na magoti haya hayachuchumai. Afadhali nisinywe.”

Hoja hiyo fupi ina uzito kuliko nyingi zinazotolewa kwenye makongamano. Mwanamke mzee hupunguza maji makusudi, na hufanya hivyo hasa akiwa anatumia dawa ya presha inayomkojoza. Matokeo yake ni mkojo mzito, maambukizi ya njia ya mkojo, figo zinazochoka, kuchanganyikiwa akili ambako watu wa nyumbani hudhani ni uzee tu, na hatimaye kuanguka. Bei ya maji yenyewe nayo hupanda pale yanapohitajika zaidi. Nairobi hutegemea kwa sehemu kubwa bwawa la Ndakaini katika milima ya Aberdare, na tangu Januari 2017, mvua zilipokosekana, jiji limeishi kwa ratiba ya mgao. Mfereji ukikauka, mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa mwenye mkokoteni kwa bei anayoitaja yeye, na mzee asiyeweza kubeba mtungi hulipa mara mbili, maji na mbebaji. Katika kisa hiki ukame wa Aberdare, choo cha ploti na kidonge cha presha vinafanya kazi pamoja ndani ya mwili mmoja. Kuuliza ni kipi chenye asilimia ngapi ni swali la mtu asiyeishi hapo.

Muuguzi anakubaliana na mpangaji kuhusu maji, kisha anawashangaza wote kwa kugeuza mada. Anauliza kwa nini kila mtu anazungumza juu ya joto. Wagonjwa wake wazee huzidi Juni, Julai na Agosti, wakati mawingu yanapotanda juu ya Nairobi kwa majuma na usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 12. Bati lilelile linalochoma Februari halizuii chochote Julai. Mvuke wa pumzi hugandia upande wa ndani na kudondokea blanketi. Kuta za udongo na mbao hushika ukungu. Mzee mwenye pumu au mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa maisha yote huja akihema, na homa ya mapafu hufuata.

Takwimu zinamuunga mkono zaidi kuliko wengi wanavyotarajia. Tangu 2002 kituo cha utafiti cha APHRC kimefuatilia kaya za Korogocho na Viwandani, kikiandika kila anayezaliwa, anayehama na anayekufa. Uchambuzi wa vifo hivyo uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha uhusiano kati ya vifo na halijoto, ya juu na ya chini, na pia kati ya vifo na mvua. Jiji lililo karibu na ikweta lina vifo vya baridi, jambo ambalo mipango ya joto iliyonakiliwa kutoka Ulaya au India haina nafasi ya kuliandika.

Baridi huleta pia muuaji wa pili. Jiko la makaa huingizwa ndani, mlango hufungwa, chini yake huzibwa kwa matambara. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, na karibu kila Julai magazeti ya Kenya huripoti familia iliyokutwa imekufa usingizini. Wasiokufa huvuta chembe za moshi usiku kucha, na chembe hizo huingia hadi kwenye damu na kuudhuru moyo na mishipa. Nje hakuna nafuu: taka zinachomwa kando ya njia na matatu zinanguruma kwenye kituo.

“Basi sista,” anasema mwenye ploti kwa furaha, “dunia ikipata joto si tutapona baridi?”

Swali si la kipuuzi, na kuna wanauchumi walioliuliza kwa maneno ya kisomi zaidi. Usiku wa Nairobi kweli umepungua ubaridi kwa wastani. Lakini wastani haulali chumbani. Msimu wa mawingu wa Julai unategemea pepo za kusini na mkondo wa hewa ambao hautaondoka kwa sababu Januari imekuwa kali zaidi, na mzee anayepita moja kwa moja kutoka masika yenye maji mengi hadi Julai akiwa na godoro lililolowa ameingia kwenye baridi akiwa amekwisha kudhoofika. Isitoshe, chumba kisichozuia joto hakizuii baridi pia. Anayetaka kutumia baridi kama kisingizio cha kutogusa bati amejifunga mwenyewe, kwa sababu dari ileile ingesaidia misimu yote miwili.

Katika jambo moja la joto hofu imezidi ukweli. Kwa muda mrefu wagonjwa wa kisukari wasio na friji waliambiwa kwamba insulini itaharibika chumbani, na wengine walinyimwa kabisa kwenda nayo nyumbani. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza suala hilo wakitumia halijoto iliyopimwa katika nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, ambako joto huzunguka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba chupa iliyofunguliwa huweza kutumika kwa wiki nne bila kupoteza nguvu kwa kiasi cha kuhatarisha mgonjwa. Kinachofaa Dadaab kinafaa Kawangware. Muuguzi anaongeza tu kwamba isiwekwe juu ya kabati karibu na bati.

Mafuriko ndiyo sehemu ya mjadala ambamo serikali husikika zaidi, na ambamo wazee husikika kidogo mno. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024 amri ilitolewa kwamba wanaoishi kando ya mito wahame, na vibanda vilivyokuwa ndani ya mita 30 kutoka ukingoni vikabomolewa, hasa Mathare na Mukuru. Kibera inapakana na Mto Ngong, na vijiji vyake vya chini vimejua maji ya usiku kwa miaka mingi. Ofisa anayetoa amri ya saa 24 humfikiria mtu mwenye miguu miwili mizima na begi moja. Mzee hutoka na fimbo na mjukuu. Kadi ya kliniki, vidonge, miwani na meno ya bandia hubaki matopeni. Siku kadhaa bila dawa ya presha zinaweza kuchangia kiharusi, na kifo cha aina hiyo ni vigumu kuandikwa kuwa cha mafuriko. Baadaye huja maji machafu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi, Nairobi ikiwemo, na kwa mwili usio na akiba ya maji kuhara kwa siku moja ni jambo la kufa na kupona.

Kuna suluhisho ambalo watoto wengi wa Nairobi huwapendekezea wazazi wao kwa nia njema: warudi ushago, ambako kuna hewa safi na kivuli cha mwembe. Mwenye ploti hahusiki, yuko kwao. Mpangaji anahusika sana, na jibu lake lina tabaka. Shamba liligawanywa na ndugu. Nyumba aliyoijenga mwaka fulani imeanguka. Kituo cha afya cha huko hakina dawa ya sukari kila mwezi, ilhali kutoka Kibera hadi hospitali ya Mbagathi mtu hufika kwa miguu, na wa Kawangware ana kituo cha afya cha Riruta. Halafu kuna ukame wenyewe: kwa mzee wa Kitui au Makueni, kurudi nyumbani katika misimu ile mitano kulikuwa kurudi kwenye njaa, na fedha zilitoka mjini kwenda kijijini. Tabianchi, ambayo wengine wanaifikiria kuwa suala la mashambani, ndiyo inayowaweka baadhi ya wazee chini ya bati la mjini.

Ofisa wa bajeti amesikiliza kwa muda mrefu, na hoja yake ni kavu. Magonjwa haya yote, anasema, yalikuwepo. Kuyaita ya tabianchi hakuongezi kitanda wala nesi. Kenya ina mpango wa Inua Jamii unaowapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi tangu 2018; ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa vifaa Septemba 2023, vikiwemo vya kupima presha na sukari; ina Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF Oktoba 2024. Tumieni vilivyopo.

Mpangaji na muuguzi wanamjibu kwa zamu, na majibu yao yanaonyesha matundu. Shilingi 2,000 haziwi kodi ya chumba na dawa kwa pamoja, mara nyingi huchelewa, na anayetimiza miaka 70 haingii moja kwa moja bali husubiri uandikishaji. Kati ya 60, umri ambao Katiba ya 2010 inamtambua mtu kuwa mzee, na 70, hakuna kitu. SHA inadai asilimia 2.75 ya mapato na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na kwa wasio na mshahara malipo hukadiriwa kwa mwaka mzima. Mhudumu wa afya ya jamii anao mkoba wa kupimia presha. Hajapewa maelekezo ya kupita kwa wazee wanaoishi peke yao siku tatu mfululizo za joto au juma la kwanza la baridi, na posho yake haimwezeshi kufanya ziara za ziada.

Kuhusu jina la tabianchi, ofisa anakosea kwa sababu ya kiserikali tu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 na mipango ya fedha inayofika hadi kamati za wadi imefungua mfuko ambao wizara ya afya haina. Jambo likiandikwa “makazi duni” huenda kwenye foleni ndefu; likiandikwa “tabianchi” lina foleni nyingine. Huo si ujanja, mradi asilimia zitajwe bila kutiwa chumvi. Mfano wa nje upo: tarehe 9 Aprili 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliipa ushindi jumuiya ya wanawake wazee wa Uswisi, KlimaSeniorinnen, yenye wanachama zaidi ya 2,000 na wastani wa umri wa miaka 73, dhidi ya serikali yao iliyozembea kupunguza gesijoto. Kesi kama hiyo ikifunguliwa Nairobi isingelenga gesijoto, kwa kuwa Kenya hutoa kidogo mno, bali ingelenga kinga. Ibara ya 42 ya Katiba inatoa haki ya mazingira safi, na ya 57 inaihusu serikali na wazee moja kwa moja. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwandani, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahakama mwaka 2020, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Njia ni ndefu kwa mtu wa miaka 75.

Inabaki paa. Mji wa Ahmedabad, India, ulitunga mpango wa joto mwaka 2013 baada ya vifo vingi vya Mei 2010, na sehemu ya mpango huo ni kupaka chokaa au rangi nyeupe juu ya paa za mabanda ili zirudishe jua. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Kawangware ingefaa Februari. Julai ingehitaji dari, hata ya mbao nyepesi au maboksi yaliyotandazwa vizuri mbali na jiko, na tundu la juu la kutolea moshi na hewa yenye unyevu. Fundi yeyote wa mtaa anaweza kuifanya.

Kikwazo ni umiliki: anayeumia ni mpangaji, na bati ni la mwenye ploti. Mpangaji akiweka dari, amelitengeneza jengo la mtu mwingine, na akihama hataing'oa. Mwenye ploti akiiweka, ataongeza kodi, na aliyetakiwa kunufaika ndiye wa kwanza kushindwa kulipa. Kibera jambo ni gumu zaidi, kwani asiye na hati hana sababu ya kuwekeza kwenye jengo linaloweza kubomolewa. “Nipeni mabati na rangi,” anasema mwenye ploti, “nami nitasaini kwamba sitapandisha kodi ya shosho kwa miaka mitatu.” Ofisa anauliza nani atahakikisha. Muuguzi anataja chifu na mhudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanajua kila mlango. Mpangaji anauliza kama mitatu inatosha, na mwenye ploti anasema waanze na hiyo.

Mtaalamu wa hali ya hewa ana ombi moja dogo, ambalo halimgharimu mtu sana: vipimajoto vichache vibaki ndani ya vyumba vya Kawangware 56 na vya Laini Saba, Kibera, mwaka mzima, Februari na Julai, ili tahadhari inayotolewa Dagoretti Corner isomeke kwa namba za chumba pamoja na zile za bustani.